Kitanda kipi? Kesi ya Annesley na urithi wa vyeo vya Ayalandi

Waswahili husema kitanda hakizai haramu. Mtoto akizaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye ndoa, na majirani wameze maneno yao. Novemba 1743, katika Mahakama ya Hazina mjini Dublin, hakuna aliyekuwa na ugomvi na kanuni hiyo. Hata baba hakuwa tatizo: mdai alisema yeye ni mtoto wa Arthur Annesley, Lodi Altham, na upande wa pili ukajibu kwamba ndiyo, ila wa nje. Kilichobishaniwa kwa siku 15 ni mama. Je, kijana yule alizaliwa kwenye kitanda cha bibi wa nyumba, au kwenye kibanda cha msichana wa jikoni?

Kesi za urithi tulizozizoea huwa na shaka upande wa baba, kwa sababu mama huonwa na kila mtu akiwa mjamzito. Hii ilipinduka. Na chini ya swali hilo kulikuwa na vyeo, mashamba katika kaunti kadhaa za Ayalandi, na baba mdogo ambaye miaka 15 nyuma alikuwa amemuuza mtoto wa kaka yake ng'ambo ya bahari.

Tuanze na utaratibu wenyewe, maana bila huo kisa hiki kinabaki hadithi ya kusikitisha tu.

Cheo cha kikabaila hakigawanywi kama shamba la marehemu. Hakuna thumni ya mjane wala fungu la binti. Hushuka kizima kwa mtu mmoja, kwa kufuata maneno ya hati ya mfalme aliyekitoa, na kwa kawaida hati hutaja warithi wa kiume wa mwili wa aliyepewa, waliozaliwa kihalali. Yaani awe mwanamume, awe wa damu, awe wa ndoa. Mwenye cheo hawezi kukiuza, hawezi kukitolea wosia, wala hawezi kumnyima mwanawe hata akimchukia kiasi gani. Mashamba yana sheria zake, lakini katika koo kubwa yalifungwa kwa mikataba ya ukoo ili yaandamane na cheo. Ukipata kimoja, umeshaukamata mkia wa kingine.

Ukoo wa Annesley ulikuwa umerundika vyeo kama magunia ghalani. Mwanzoni mwa miaka ya 1620 Sir Henry Power alifanywa Vaikaunti Valentia, cheo cha Ayalandi, na muda si mrefu jamaa yake Francis Annesley akaahidiwa kukirithi endapo Power angekufa bila mtoto wa kiume. Ahadi ya cheo cha mtu aliye hai, anayepumua! Power akafa kweli bila mwana, Annesley akachukua. Mwanawe akapandishwa mwaka 1661 kuwa Eali wa Anglesey, na hicho kilikuwa cheo cha Uingereza. Mwaka 1681 mtoto wa pili wa huyo eali, aliyeitwa Altham Annesley, akapata chake, Baroni Altham, cha Ayalandi. Kwa asiyezijua ngazi hizi: baroni yuko chini, vaikaunti juu yake, eali juu zaidi. Valentia na Altham vilikuwa vya Ayalandi, Anglesey cha Uingereza. Vingeweza kukaa juu ya kichwa kimoja, lakini kila nchi ilikuwa na Baraza lake la Malodi, moja Dublin na jingine London, na kila baraza liliamua vya kwake. Mbele ya safari tofauti hii itatuletea kituko.

Lodi Altham wa kisa chetu alimwoa Mary Sheffield, binti wa nje ya ndoa wa Duke wa Buckingham, na wakaishi Dunmaine katika Kaunti ya Wexford. Alikuwa mlevi na mwenye madeni. Mdai alisema alizaliwa hapo Dunmaine mwaka 1715, akabatizwa James, kukawa na wazazi wa ubatizo na sherehe, na akapelekwa kunyonyeshwa na mwanamke aitwaye Joan Landy, ambaye majirani walimwita Juggy. Mwezi Februari 1717 lodi alimtuhumu mkewe kwa kijana mmoja, Tom Palliser. Watumishi walimkamata Palliser wakamkata kipande cha sikio, bibi akafukuzwa siku hiyo hiyo, mtoto akabaki kwa baba.

Baba akahamia Dublin, akapata mwanamke mwingine, na mwanamke huyo hakumtaka mtoto. James alipofika umri wa miaka tisa au kumi alikuwa mtoto wa mtaani, akitumwa vitu na wanafunzi wa chuo ili apate chakula. Mchinjaji mmoja, John Purcell, alimwokota na kumpeleka nyumbani, mkewe akamwogesha na kumvisha. Baba alikuwa hai, mji ule ule.

Lodi Altham alifariki Novemba 1727, akazikwa katika kanisa kuu la Christ Church. Mtoto alionekana pale akilia. Mdogo wa marehemu, Richard, akajitangaza Lodi Altham mpya kana kwamba kaka yake hakuacha mtu. Muda si mrefu watu wake wakaanza kumsaka mtoto. Safari moja walimtia mkononi sokoni Ormond. Purcell akatokea na rungu lake, akawanyang'anya. Mwezi Aprili 1728 Purcell hakuwepo. Richard alimshutumu mtoto kuwa ameiba kijiko cha fedha, wakamburuta hadi gatini, wakampakia mashuani, na kutoka hapo kwenye meli iliyokuwa ikielekea Amerika. Alikuwa na miaka 13 hivi. Kule Delaware akauzwa kwa mkulima kama mtumishi wa mkataba, mtu anayetumika miaka kadhaa bila mshahara hadi muda wake uishe. Muda wa James ulikawia kuisha, kwa sababu kila alipotoroka na kukamatwa aliongezewa mingine. Alipoondoka huko mwaka 1740 alikwenda Jamaika, akajiunga na jeshi la wanamaji la Admirali Vernon, akasimulia yeye ni nani. Mwaka uliofuata akaingia London.

Baba mdogo naye hakuwa amekaa bure. Mwaka 1737 binamu yake alifariki bila mtoto, na Richard akawa Eali wa 6 wa Anglesey na Vaikaunti Valentia. Kwa hiyo kijana aliyerudi, kama alikuwa wa ndoa, alikuwa amepokonywa vyote hivyo, cha Uingereza na vya Ayalandi.

Sasa angalia jinsi alivyodai. Kesi haikuitwa kwa jina lake. Iliitwa kwa jina la Campbell Craig, mpangaji. Huu ulikuwa ujanja wa kisheria wa siku zile: anayejiona mwenye ardhi humpangisha mtu wake kwenye karatasi, mpangaji hudai amefukuzwa, na mahakama ili ijue kama mpangaji ana haki hulazimika kwanza kujua kama aliyempangisha ni mwenye ardhi. Ardhi iliyoshtakiwa ilikuwa kipande tu cha mali, kilichoko Kaunti ya Meath. Ukishinda kipande, umethibitisha ukoo. Ukithibitisha ukoo, mengine ni suala la muda na ada za mawakili. Hesabu ilikuwa nzuri, isipokuwa hapo kwenye muda na ada.

Mbele ya majaji watatu, wakiongozwa na John Bowes, na juri ya watu 12 wenye mali zao, zikasimama Dunmaine mbili. Katika Dunmaine ya kwanza bibi alikuwa mjamzito, mkunga aliitwa, mtoto akabatizwa, watumishi wakanywa. Katika Dunmaine ya pili bibi hakupata kubeba mimba hata siku moja, na mtoto aliyekuwa akizurura uani ni wa Juggy Landy, aliyekuwa akifanya kazi jikoni, na mtoto huyo hakuruhusiwa kusogelea chumba cha bibi. Waliosimulia Dunmaine hizi mbili ni watu wa nyumba moja, wa miaka ile ile, wote wakiwa wameapa. Shahidi mzito wa upande wa eali alikuwa Mary Heath, mjakazi wa bibi, aliyekaa naye miaka mingi hadi bibi alipofariki London mwaka 1729. Yeye alisema majira ya kuchipua ya 1715, wakati mtoto anadaiwa kuzaliwa, yeye na bibi walikwenda mji wa Wexford kutazama kesi mahakamani. Mwanamke aliyejifungua haendi kukaa kwenye benchi la mahakama.

Ushahidi wa Heath ulinitikisa. Zaidi ya hapo kuna swali la bibi mwenyewe: alimaliza maisha yake London, mgonjwa na bila pesa. Kama alikuwa na mwana Dublin, mrithi wa cheo, kwa nini hakumtafuta? Mawakili wa eali walilishikilia hilo, na walikuwa na haki ya kulishikilia.

Lakini kuna ile barabara. Kibanda cha Juggy Landy kilikuwa kwenye eneo la Dunmaine, mwendo mfupi kutoka nyumba kubwa, na mashahidi walieleza kwamba mtoto alipokuwa ananyonyeshwa pale ilitengenezwa njia ya gari la farasi kufika mlangoni, ili bibi aweze kwenda kumwona. Upande wa pili ulijitahidi kuieleza njia hiyo vinginevyo. Mimi bado najiuliza: nani anachonga barabara ya gari la farasi kwenda kwenye kibanda cha msichana wa jikoni aliyezaa nje?

Halafu akaja John Giffard, wakili. Kisa chake kinahitaji kurudi nyuma kidogo. Mei 1742, huko Staines karibu na London, James alikuwa amefuatana na mlinzi wa wanyamapori, wakamfumania mvuvi haramu na wavu wake mtoni, katika purukushani bunduki ya James ikafyatuka na mvuvi akafa. Ilikuwa ajali. Eali alipopata habari hakutoa pole. Aliajiri mawakili ili ahakikishe kesi ya mauaji inakwenda mpaka kitanzi. Mahakama ya Old Bailey ilimwachia James mwezi Julai. Giffard ndiye aliyeendesha mashtaka kwa pesa za eali, na baadaye wakakosana kuhusu malipo. Sasa yupo Dublin, tayari kusema kwamba eali alimwambia angetoa hata pauni 10,000 James anyongwe, ili yeye akae raha na vyeo vyake.

Mawakili wa eali wakaruka juu: hii ni siri ya mteja kwa wakili wake! Walibishana kwa muda mrefu kuliko hoja nyingine yoyote ya sheria katika kesi ile. Majaji wakaamua Giffard aseme. Siri inalinda yale ambayo mteja analazimika kumwambia wakili ili atetewe. Hailindi maneno ya mtu anayepanga kumtumia wakili amuue mwenzake kwa mkono wa mahakama. Wanaosoma sheria ya ushahidi hukutana na kesi hii mpaka leo kwa sababu ya uamuzi huo, na wengi wao hawajui kwamba chanzo chake ni ugomvi wa baba mdogo na mwana wa kaka yake.

Yakasikika na mengine ya eali. Aliwahi kusema, alipobanwa na kesi za ndugu wengine, kwamba yuko radhi kumwachia James vyote kwa malipo ya pauni 2,000 au 3,000 kwa mwaka, akaishi zake Ufaransa; na kweli aliajiri mtu wa kumfundisha Kifaransa. Mtu hajifunzi lugha ya ugenini kwa sababu ya mtoto wa msichana wa jikoni. Na mwezi Septemba, miezi miwili kabla ya kesi, watu wake walikuwa wamemshambulia James na wenzake kwenye mashindano ya farasi huko Curragh. Kwa hilo eali mwenyewe alitiwa hatiani katika mji wa Athy mwezi Agosti mwaka uliofuata.

Hapa ndipo ninapoegemea. Mtoto wa nje alikuwa si kitu kisheria. Hakuwa na uwezo wa kumgusa Richard wala cheo chake. Kumsaka mitaani, kumzulia kijiko, kumlipia nauli ya meli, kisha miaka 14 baadaye kumtafutia kitanzi, ni gharama kubwa mno kwa mtu ambaye sheria yenyewe ilishamfuta. Juri nayo ilielekea huko. Tarehe 25 Novemba 1743 ilimpa James ushindi.

Ingekuwa ngano, angevikwa taji hapo. Lakini hukumu ile ilikuwa ya mashamba ya Meath. Cheo kilihitaji ombi kwa mfalme na njia yake, na eali alibaki eali. Mawakili wake wakaleta maombi ya kusahihisha hukumu, vipingamizi, ahirisho juu ya ahirisho. Februari 1745 Mary Heath alishtakiwa kwa kiapo cha uongo, na juri nyingine ikamwona hana hatia. Juri mbili, mji mmoja, tumbo moja, majibu mawili. Mfadhili wa James, Mskoti Daniel Mackercher, aliishia gerezani kwa madeni. James alifariki Januari 1760 bila kukalia kiti chochote, na kizazi chake cha kiume kikakatika miaka michache baadaye. Richard alifuata Februari 1761, akiwa bado na vyeo vyote.

Kisha urithi ukamgeukia Richard kaburini.

Aliacha mwana, Arthur, aliyezaliwa 1744. Safari hii hakuna aliyebishia baba wala mama. Mama ni Juliana Donovan wa Camolin, kule kule Wexford. Kilichobaki ni tarehe ya harusi. Richard alikuwa amefunga ndoa na Ann Prust huko Devon mwaka 1715, akamtelekeza. Mnamo 1727 akafunga na Ann Simpson mjini Dublin, Ann Prust akiwa hai. Simpson akaishi naye kama mkewe, akamzalia mabinti, akaitwa bibi wa eali. Alipofukuzwa na kudai matunzo mahakamani, Richard akajitetea kwa hoja ambayo sijaona mfano wake: ndoa yetu ni batili, maana nilikuwa na mke mwingine. Yaani alikimbilia hatia yake mwenyewe kama kinga. Ann Prust akafa mwaka 1741, na baadaye kikatolewa cheti kinachoonyesha kwamba Septemba mwaka huo huo Richard alimwoa Juliana kwa siri. Harusi ya hadharani ilifungwa 1752, miaka minane baada ya Arthur kuzaliwa.

Kila kitu kikaning'inia kwenye karatasi ile moja. Ikiwa ya kweli, Arthur ni mwana wa ndoa. Ikiwa imeghushiwa, harusi ya 1752 haimsaidii, kwa sababu sheria ya kule haikukubali ndoa ya baadaye imsafishe mtoto aliyetangulia.

Arthur alipotimiza miaka 21, mwaka 1765, Baraza la Malodi la Ayalandi lilimkubali akakaa kitini kama Vaikaunti Valentia. Akaenda London kudai cha pili. Baraza la Uingereza likakichunguza cheti, likasikiliza mashahidi, na Aprili 1771 likaamua kwamba hana haki ya cheo cha Anglesey. Cheo hicho kikahesabiwa kuwa kimekufa na Richard. Dublin wakashtuka, wakaifungua upya kesi yao, wakasikiliza tena, na wakasimama pale pale: ni Valentia halali.

Basi mtu mmoja, wazazi wale wale, cheti kile kile. Akivuka Bahari ya Ayalandi kuelekea magharibi ni mwana wa ndoa; akirudi mashariki ni mwanaharamu. Hakuna baraza lililoweza kulitengua jingine katika jambo hili. Wapo wanaosema Dublin walifanya hivyo kwa jeuri, kutoonekana wanafuata mkia wa London. Kwangu inatosha kwamba malodi wa Dublin walikuwa wameshakaa naye benchi moja miaka sita. Ni vigumu kumwambia mwenzako wa benchi ainuke.

Mwaka 1793 alipandishwa kuwa Eali wa Mountnorris, cha Ayalandi tena. Mwanawe George alisafiri sana, na safari ya 1802 hadi 1806 ilimfikisha India na Bahari ya Shamu, hadi pwani inayotazama Uhabeshi, akiwa na katibu wake Henry Salt. Yeye ndiye mwisho wa tawi la Richard. Alifariki 1844 bila mwana wa kumrithi, na cheo cha Mountnorris kikazimika. Valentia hakikuzimika. Ilibidi kupanda juu mpaka kwa yule Francis aliyeahidiwa cheo cha mtu hai, kisha kushuka kwa mtoto wake mwingine mdogo, hadi kumpata Annesley wa mbali aliyekuwa akiishi Uingereza, ambaye akawa vaikaunti wa 10.